Kutatua maswali ya aljebra ya kazi ya nyumbani: hatua kwa hatua, na mahali makosa yanapojificha

Maswali mengi ya aljebra hayaharibikii kwenye aljebra yenyewe. Yanaharibikia kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano, kwenye namba ya upande wa kulia iliyosahaulika kuzidishwa, au kwenye kipeo cha pili cha namba hasi. Mwanafunzi anaijua njia, anaifuata mpaka mwisho, kisha anapata jibu lisilo sahihi na haoni alipopotea. Hapa tunapita kwenye aina za maswali yanayotolewa mara kwa mara, tunayafanya mstari kwa mstari, na kila mahali tunaonyesha kosa linalopenda kuingia hapo na kinacholiingiza.

Kwanza, namna ya kuandika

Mwaka 1557 Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja iwe alama ya usawa, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Ichukulie alama ya = kwa uzito huohuo. Kilicho kushoto na kilicho kulia ni namba ileile, imeandikwa kwa sura mbili. Haina maana ya "jibu linafuata". Anayeitumia hivyo huandika 3 + 4 = 7 × 2 = 14, na hapo amesema kwamba 7 ni sawa na 14.

Kila mstari wa kazi yako useme jambo lilelile lililosemwa na mstari wa juu yake, ila kwa njia nyepesi zaidi. Ili hilo liwezekane, fanya tendo moja tu kwa kila mstari, na pembeni uandike ulichofanya pande zote mbili: "jumlisha 4", "gawanya kwa 3". Panga alama za = ziwe chini kwa chini. Usibane karatasi. Anayeruka mistari mitatu kichwani hupata haraka ya dakika moja, kisha hupoteza dakika kumi akitafuta kosa ambalo halipo popote kwenye daftari, kwa sababu alilifanyia kichwani.

Kuweka namba mahali pa herufi

Swali: tafuta thamani ya 3x² − 2xy ikiwa x = −2 na y = 5.

Kabla ya kukokotoa chochote, andika upya swali ukiweka kila namba ndani ya mabano yake:

3(−2)² − 2(−2)(5)
= 3(4) − (−20)
= 12 + 20
= 32

Mabano hayo ndiyo yanayookoa swali. Bila mabano utaandika 3 × −2², na vikokotoo vingi vya kisayansi, ukibonyeza −2², hukupa −4, kwa kuwa vinatafuta kipeo cha pili cha 2 kwanza ndipo viweke alama ya kutoa. Kikokotoo hakijakosea, kimejibu ulichokiuliza. Ulichotaka kuuliza ni (−2)².

Kurahisisha na kufungua mabano

Vipande vinavyojumlishika ni vile vyenye herufi zilezile zenye vipeo vilevile. 5a − 3b − 2a + 7b inakuwa 3a + 4b. Alama iliyo mbele ya kipande ni mali ya kipande hicho, kwa hiyo unapovipanga upya, hamisha "−3b" nzima. Vipande 4x na 4x² havijumlishiki kamwe, hata kama namba zao zinafanana.

Sasa swali lenye mabano mawili:

4(2x − 3) − 3(x − 5)
= 8x − 12 − 3x + 15
= 5x + 3

Kosa maarufu ni kuandika −15 badala ya +15. Kinachozidisha mabano ya pili ni −3, si 3. Basi −3 × x ni −3x, na −3 × −5 ni +15. Kama mbele ya mabano kuna alama ya kutoa peke yake, mfano −(x − 5), iandike kama −1(x − 5) mpaka mkono uzoee.

Kuhakiki swali la kurahisisha ni rahisi, na wengi hawajui kuwa inawezekana. Chagua namba yoyote ndogo, iweke kwenye swali na kwenye jibu, uone kama matokeo yanafanana. Tuchukue x = 2: swali linatoa 4(1) − 3(−3) = 4 + 9 = 13, na jibu linatoa 10 + 3 = 13. Usichague 0 wala 1. Ukiweka 0, vipande vyote vyenye x vinatoweka pamoja na makosa yake. Ukiweka 1, x na x² zinakuwa sawa na kosa la vipeo linajificha.

Njia hiyohiyo ya kuweka namba hufichua kosa jingine lililoenea, la kudhani (a + b)² ni a² + b². Weka 3 na 4: kushoto ni 49, kulia ni 25. Kilichokosekana ni 2ab, yaani 24. Andika (a + b)(a + b) kwa urefu, zidisha kila kipande kwa kila kipande, utapata a² + 2ab + b².

Mlinganyo wenye herufi pande zote

7x − 4 = 3x + 16

Toa 3x pande zote: 4x − 4 = 16
Jumlisha 4 pande zote: 4x = 20
Gawanya kwa 4 pande zote: x = 5

Hakiki: kushoto 35 − 4 = 31; kulia 15 + 16 = 31.

Wengi wamefundishwa kwamba kitu "kikivuka" alama ya usawa kinabadilisha alama. Usemi huo unafanya kazi kwenye kujumlisha na kutoa tu, na ndio unaomfanya mwanafunzi afike kwenye 4x = 20 kisha aandike x = 20 − 4. Namba 4 hapo imeshikamana na x kwa kuzidisha, na kinachofungua kuzidisha ni kugawanya. Mtu anayejiuliza kila mara "nimefanya nini pande zote mbili?" hawezi kuangukia hapo. Tunashauri kwa dhati uliache neno "kuvuka" mpaka hatua zenyewe ziwe zimekukaa.

Jibu hasi nalo huwatia watu wasiwasi bure. Chukua 5(x − 2) − 2(3x − 4) = 9:

5x − 10 − 6x + 8 = 9
−x − 2 = 9
−x = 11
x = −11

Mstari wa mwisho umezidishwa kwa −1 pande zote. Wapo wanaoishia −x = 11 na kuandika jibu ni 11. Hakiki: 5(−13) − 2(−37) = −65 + 74 = 9. Sawa.

Milinganyo yenye sehemu

Hapa ndipo maksi nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

(2x + 1)/3 − (x − 4)/2 = 5

Tafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha asili, yaani namba za chini ya mstari wa sehemu, 3 na 2, ambacho ni 6. Kisha zidisha kila kipande cha mlinganyo kwa 6, pamoja na ile 5 isiyo na asili. Kabla ya hapo, zungushia kila kiasi (kilicho juu ya mstari wa sehemu) mabano, kwa maana mstari wa sehemu hufanya kazi ya mabano, na ukiuondoa bila kuweka mabano ulinzi umekwenda.

6 × (2x + 1)/3 − 6 × (x − 4)/2 = 6 × 5
2(2x + 1) − 3(x − 4) = 30
4x + 2 − 3x + 12 = 30
x + 14 = 30
x = 16

Hakiki: 33/3 − 12/2 = 11 − 6 = 5. Sawa.

Makosa mawili hutokea hapa, na kila moja lina dalili yake. La kwanza ni kuacha kuizidisha 5. Ukifanya hivyo unapata x + 14 = 5, yaani x = −9. Irudishe kwenye swali: −17/3 + 13/2 = 5/6. Ulitaka 5, umepata 5 iliyogawanywa kwa 6. Jibu lenyewe linakwambia kwamba kuna 6 haikufika upande wa kulia. La pili ni kuandika −3(x − 4) kuwa −3x − 12, ambalo linazaa x = 40; tutalirudia mwishoni kwa sababu linafaa kufundishia namna ya kulisaka kosa.

Herufi ikiwa kwenye asili, ongeza hatua moja mwanzoni kabisa: andika namba ambazo x hairuhusiwi kuwa. Katika 6/(x − 1) = 4/(x − 3), x haiwezi kuwa 1 wala 3, maana asili itakuwa sifuri. Kisha zidisha pande zote kwa asili zote mbili:

6(x − 3) = 4(x − 1)
6x − 18 = 4x − 4
2x = 14
x = 7

Namba 7 haimo kwenye orodha ya zilizokatazwa, na 6/6 = 4/4, kwa hiyo limekubalika. Linganisha na hili:

x/(x − 2) = 3 + 2/(x − 2)

Hapa x haiwezi kuwa 2. Zidisha kwa (x − 2): x = 3(x − 2) + 2, yaani x = 3x − 4, na x = 2. Hatua zote ni sahihi, lakini jibu limekatazwa tangu mwanzo. Mlinganyo huu hauna jibu, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuandika. Tulizidisha pande zote kwa kitu ambacho, x ikiwa 2, ni sifuri, na ukizidisha kwa sifuri hata vitu visivyo sawa vinakuwa sawa.

Neno moja kuhusu kukata. Katika (x + 6)/6 huruhusiwi kukata 6 na 6 ukabaki na x. Unachoweza kukata ni kigawo cha kiasi kizima. (6x + 6)/6 inakatika kwa sababu kiasi ni 6(x + 1), na inabaki x + 1. Ukiwa na shaka, weka namba: x = 12 inaifanya (x + 6)/6 kuwa 3, si 12.

Maswali ya mafumbo

Ugumu wa fumbo uko kwenye kuunda mlinganyo. Kuutatua huwa kazi fupi. Anza mwisho wa swali, kwenye kile kinachoulizwa, na ukiite x kwa sentensi kamili yenye kipimo: "x ni umri wa mtoto sasa, kwa miaka". Usiandike "x = mtoto". Herufi husimama badala ya namba, haiwi jina la mtu.

Fumbo: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

Chora jedwali dogo. Sasa: mtoto x, baba 3x. Baada ya miaka 12: mtoto x + 12, baba 3x + 12. Sentensi ya pili ya fumbo inazungumzia wakati ujao, kwa hiyo unatumia safu ya pili peke yake:

3x + 12 = 2(x + 12)
3x + 12 = 2x + 24
x = 12

Mtoto ana 12, baba 36. Baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48. Aliyesahau mabano akaandika 3x + 12 = 2x + 12 anapata x = 0, mtoto mchanga mwenye baba mchanga. Hakiki ya fumbo ifanyike kwa maneno ya fumbo. Mlinganyo ulioundwa vibaya utakubali jibu lake bila kulalamika.

Angalia pia mpangilio wa kutoa. "Toa 7 kwenye x" ni x − 7. "x ni pungufu ya y kwa 7" ni x = y − 7; jiulize nani mkubwa kabla ya kuandika.

Fumbo la mwendo: mtu anakwenda mahali kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa na kurudi kwa njia ileile kwa kilomita 8 kwa saa. Safari nzima inachukua saa 5. Umbali wa kwenda ni kiasi gani? Muda ni umbali gawanya kwa mwendo, basi:

x/12 + x/8 = 5
2x + 3x = 120 (KDS ni 24)
x = 24

Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Wengi huchukua wastani wa 12 na 8, yaani 10, wanapata kilomita 50 kwa safari nzima na 25 kwa kwenda. Wastani huo ni batili kwa sababu mtu huyu ametumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole.

Milinganyo miwili, herufi mbili

(1) 3x + 2y = 16
(2) 5x − 4y = 12

Ipe milinganyo namba, kisha tafuta herufi iliyo rahisi kuondolewa. Ukizidisha (1) kwa 2, utapata +4y dhidi ya −4y:

(3) 6x + 4y = 32
Jumlisha (2) na (3): 11x = 44, x = 4
Rudisha kwenye (1): 12 + 2y = 16, y = 2

Hakiki kwenye mlinganyo ambao hukuutumia kutafuta y, yaani (2): 20 − 8 = 12. Ukihakiki kwenye (1) hujahakiki kitu, kwani y imetoka humo.

Alama za vipande vinavyoondolewa zikitofautiana, jumlisha, zikifanana, toa. Kwenye kutoa ndiko kuna hatari. Mfano 2x + 5y = −11 na 2x − 3y = 13. Ukitoa wa pili kwenye wa kwanza, upande wa y ni 5y − (−3y) = 8y, na wanaokosea huandika 2y. Kulia ni −11 − 13 = −24. Basi y = −3 na x = 2. Ukiona kutoa kunakusumbua, zidisha mlinganyo mmoja kwa −1 kisha ujumlishe. Kazi ni ileile na alama zinaonekana.

Mlinganyo mmoja ukishakupa herufi peke yake, kama y = 2x − 7, iingize kwenye mwingine badala ya kuondoa. Na 3x + 4y = 5 inakuwa 3x + 4(2x − 7) = 5, ikiwa na mabano, yaani 11x − 28 = 5, x = 3, y = −1.

Wakati mwingine herufi zote zinatoweka. Kwa x + 2y = 7 na 2x + 4y = 10, ukizidisha wa kwanza kwa 2 na kutoa, unabaki na 0 = 4 au 0 = −4. Hujakosea. Ukiichora milinganyo hiyo kwenye grafu, mistari yake miwili ni sambamba, haikutani popote, na hakuna jibu. Ukibaki na 0 = 0, milinganyo yote miwili ni mstari mmoja na majibu hayana idadi.

Milinganyo ya kipeo cha pili

Hatua ya kwanza haina mjadala: peleka kila kitu upande mmoja, sifuri ibaki peke yake upande wa pili. Njia ya vigawo inategemea ukweli mmoja, kwamba zao la vitu viwili likiwa sifuri, angalau kimoja ni sifuri. Hakuna namba nyingine yenye sifa hiyo. Ndiyo maana x(x − 4) = 5 haiwezi kuvunjwa kuwa "x = 5 au x − 4 = 5". Fungua kwanza: x² − 4x − 5 = 0, kisha (x − 5)(x + 1) = 0, na x = 5 au x = −1.

Kwa x² + 2x − 15 = 0, tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −15 na jumla yake ni 2. Orodhesha jozi kwa utaratibu: 1 na 15, 3 na 5. Zao ni hasi, kwa hiyo alama zinatofautiana. Jumla ni chanya, kwa hiyo kubwa ndiyo chanya: 5 na −3. Basi (x + 5)(x − 3) = 0, na majibu ni x = −5 au x = 3. Alama za majibu ni kinyume cha zilizo kwenye mabano, kwa sababu unatatua x + 5 = 0.

Mbele ya x² kukiwa na namba, kama 6x² + x − 2 = 0, zidisha ya kwanza kwa ya mwisho: 6 × −2 = −12. Tafuta jozi yenye zao −12 na jumla 1: ni 4 na −3. Vunja kipande cha kati kwa jozi hiyo, kisha ufungashe mawili mawili:

6x² + 4x − 3x − 2 = 0
2x(3x + 2) − 1(3x + 2) = 0
(3x + 2)(2x − 1) = 0
x = −2/3 au x = 1/2

Mabano mawili ya mstari wa pili lazima yafanane kabisa. Yasipofanana, tazama alama ya kipande cha mwisho: −3x − 2 ni −1(3x + 2), si −1(3x − 2).

Usigawanye kwa x. Katika x² = 7x, anayegawanya anapata x = 7 na kulipoteza jibu la 0. Andika x² − 7x = 0, x(x − 7) = 0.

Vigawo vikikosekana, kuna njia ya kukamilisha mraba. Mfano wake mashuhuri ni wa al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9: x² + 10x = 39. Aliuchora. Mraba wenye upande x, na ile 10x imegawanywa kuwa mistatili miwili ya 5x iliyobandikwa kwenye pande zake mbili. Pembeni panabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze pande zote mbili:

x² + 10x + 25 = 39 + 25
(x + 5)² = 64
x + 5 = 8 au x + 5 = −8
x = 3 au x = −13

Yeye alilichukua 3 pekee, maana urefu wa upande hauwezi kuwa hasi. Sisi tunaandika yote mawili, isipokuwa swali likiwa la urefu. Kanuni ya kukumbuka: gawa kwa 2 namba iliyo mbele ya x, tafuta kipeo chake cha pili, ongeza pande zote. Kabla ya hapo hakikisha mbele ya x² kuna 1. Kama sivyo, gawanya mlinganyo mzima kwanza.

Njia hiyo ikifanywa kwa herufi a, b na c inazaa kanuni ya jumla: x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Itumie hivi kwa 2x² − 5x − 4 = 0. Andika kwanza a = 2, b = −5, c = −4 pamoja na alama zake.

b² − 4ac = (−5)² − 4(2)(−4) = 25 + 32 = 57
x = (5 ± √57)/4

√57 ni takriban 7.550, kwa hiyo x ni 3.14 au −0.64 kwa desimali mbili. Mambo matatu ya kulinda: −b ni +5 kwa kuwa b yenyewe ni hasi, 4ac ni hasi kwa hiyo kuitoa ni kujumlisha, na 2a inagawanya juu yote, si kipeuo peke yake. Kokotoa b² − 4ac pembeni kabla ya yote. Ikitoka hasi, mlinganyo hauna jibu kati ya namba halisi, na umejiokolea kazi.

Kutolingana, kwa kifupi

7 − 3x > 19 inatatuliwa kama mlinganyo, ila ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, alama inageuka. Toa 7: −3x > 12. Gawanya kwa −3: x < −4. Inageuka kwa sababu 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Jaribu namba moja iliyo ndani ya jibu, −5: 7 + 15 = 22, ni kubwa kuliko 19. Kisha moja iliyo nje, 0: 7 si kubwa kuliko 19.

Kuiweka herufi peke yake kwenye kanuni

Herufi ikitokea mara moja, fungua kilichoizunguka kuanzia nje kwenda ndani. Ikitokea mara mbili, lazima vipande vyake vyote vikutane upande mmoja, kisha itolewe nje ya mabano. Tafuta x katika y = (x + 3)/(x − 2):

y(x − 2) = x + 3
xy − 2y = x + 3
xy − x = 2y + 3
x(y − 1) = 2y + 3
x = (2y + 3)/(y − 1)

Wanaokwama hapa huishia na x = xy − 2y − 3 na kudhani wamemaliza. x bado iko pande zote, kwa hiyo haijapatikana. Hakiki kwa namba: x = 3 inatoa y = 6, na (12 + 3)/5 inarudisha 3.

Hakiki ikikataa: kulisaka kosa

Usifute. Usianze upya pia, maana mkono hurudia kosa lilelile. Chukua jibu lako lisilo sahihi uliingize kwenye kila mstari wa kazi yako, kuanzia chini kwenda juu. Litakubaliwa na mistari ya chini, kwa kuwa limetokana nayo. Mstari wa kwanza utakaolikataa ndio unaokuonyesha mahali: kosa liko kati yake na mstari ulio chini yake.

Tuirudie ile x = 40 ya mlinganyo wa sehemu. Kazi iliandikwa hivi:

(2x + 1)/3 − (x − 4)/2 = 5
2(2x + 1) − 3(x − 4) = 30
4x + 2 − 3x − 12 = 30
x − 10 = 30
x = 40

Weka 40 kwenye x − 10: ni 30, inakubali. Mstari wa juu yake: 160 + 2 − 120 − 12 = 30, unakubali. Mstari wa pili: 2(81) − 3(36) = 162 − 108 = 54, unakataa. Basi kosa limefanyika wakati wa kufungua mabano, si kwenye KDS wala kwenye kukusanya vipande. Unasahihisha −12 iwe +12 na kuteremka tena mistari miwili tu.

Jibu likikubaliwa na mistari yote, hata wa kwanza, na bado halifanani na la nyuma ya kitabu, linganisha mstari wako wa kwanza na swali lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Mara nyingi swali limenakiliwa vibaya. Kwa fumbo, rudi kwenye ile sentensi ya "x ni…" uone kama kilichoulizwa ndicho ulichokipata: pengine x ni upana na swali lilitaka eneo.

Njia hii inahitaji kitu kimoja tu, kwamba mistari iwe imeandikwa.